Kubana Mafaili kwa Amri: Elimu Tunayoidharau Karatu na Ngorongoro

Leo siandiki siasa wala bei ya vitunguu vya Mang'ola, ingawa vyote viwili tutakutana navyo njiani. Naandika juu ya kitu ambacho vijana wengi wa rika langu wanakicheka: mstari wa amri, lile dirisha jeusi la kompyuta ambamo mtu huandika maneno badala ya kubofya vipicha. Na ndani ya dirisha hilo nataka tuzungumzie kazi moja tu, ya kubana mafaili na folda upande huu na kuyafungua upande wa pili.

Msimamo wangu nautaja mapema ili asiyekubaliana nao ajiandae. Katika maeneo kama yetu, ambako bando hununuliwa kwa hesabu na mtandao unashika mlimani ukakata bondeni, amri tano au sita za kubana, kukagua na kufungua mafaili zifundishwe mwanzoni kabisa mwa somo la kompyuta, kabla mtoto hajafundishwa kupamba barua kwa rangi. Na kila mwandishi wa habari wa wilayani azijue kwa kichwa. Siyo utaalamu wa kutambia watu. Ni akili ya mtu mwenye mzigo mkubwa na punda mmoja.

Tuanze na kubana kwenyewe, maana wapo wanaodhani ni uchawi. Tuchukue mfano wa hapa nyumbani. Agosti 2024 lilitolewa Tangazo la Serikali Na. 673, lililofuta kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 katika Tarafa ya Ngorongoro. Wananchi waliandamana, na Agosti 22 Mahakama Kuu mjini Arusha ikasimamisha utekelezaji wake kwa muda. Kila mwananchi ambaye jina la kijiji chake liliguswa na karatasi ile alikuwa na haki ya kuwa na nakala yake, aisome mwenyewe, asisimuliwe.

Sasa fikiria orodha ya namna hiyo ikiwa imechapwa kwenye kompyuta. Maneno gani yanajirudia? Kijiji, Kata, Kitongoji, Wilaya ya Ngorongoro, Mkoa wa Arusha. Mstari baada ya mstari. Programu ya kubana ikikutana na "Wilaya ya Ngorongoro, Mkoa wa Arusha" mara ya pili, haiyaandiki tena maneno hayo. Inaweka kielekezo kifupi: rudi nyuma hatua kadhaa, nakili herufi kadhaa. Mbinu hiyo ni ya wanasayansi wawili wa Israeli, Abraham Lempel na Jacob Ziv, walioichapisha mwaka 1977. Juu yake inaongezwa mbinu ya David Huffman ya mwaka 1952, ya kuzipa herufi zinazotokea mara nyingi alama fupi, na zile za nadra alama ndefu. Katika Kiswahili chetu herufi "a" ingepata alama fupi sana, na "x" na "q" zingekaa nje zikisubiri wageni. Ndoa ya mbinu hizo mbili ndiyo inayofanya kazi ndani ya mafaili ya zip tunayoyajua, na ndani ya gzip iliyotolewa mwaka 1992.

Kwa hiyo kubana si kukata maneno. Mkulima wa Mang'ola atanielewa haraka: hii siyo lumbesa. Kwenye lumbesa mnunuzi anashindilia gunia kupita kipimo na mkulima analia. Kwenye kubana kinachotolewa ni hewa tu. Ukifungua kifurushi upande wa pili, kila herufi na kila nukta iko mahali pake. Maandishi matupu mara nyingi hushuka hadi theluthi moja au robo ya ukubwa wake. Ukurasa uliochapwa una herufi kama 3,000, yaani kilobaiti 3 hivi. Kurasa 1,000 za maandishi ni megabaiti 3, na zikibanwa zinakaribia megabaiti 1. Maelezo ya mashahidi wa kata nzima yanaweza kusafiri kwa bei ya picha moja ya harusi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema, "Mbona WhatsApp inabana yenyewe?" Ni kweli inabana, ila kwa namna nyingine. Ukituma picha kwa njia ya kawaida ya picha, inapunguzwa ubora moja kwa moja, na zile taarifa zilizojificha ndani ya faili, kama saa na mahali ilipopigwa, zinaondolewa. Kwa picha ya birthday hakuna neno. Kwa picha ya hati ya mpaka, au ya muhuri ulioanza kufifia, umeshapoteza. Kilichokatwa hakirudi hata ukilia. Tofauti ya kubana bila kupoteza na kubana kwa kupunguza ni jambo la kwanza ambalo mwandishi wa habari anapaswa kulijua kuhusu faili lake, kama mpishi anavyojua tofauti ya chumvi na sukari. Picha ya ushahidi itumwe kama hati, au ndani ya kifurushi.

Na tusidanganyane: kubana hakuwezi yote. Picha za JPEG, sauti za MP3 na video za MP4 tayari zimeshabanwa zinapozaliwa. Ukizitia kwenye zip utapunguza kiasi kidogo mno, wakati mwingine hutapunguza kitu. Faida yake pale ni moja tu, mafaili 200 yanakuwa mzigo mmoja wenye jina moja. Sauti ghafi ya WAV ya ubora wa CD inakula megabaiti 10 hivi kwa dakika, yaani zaidi ya 600 kwa saa. Hiyo dawa yake si zip, ni kuigeuza iwe ya aina ya Opus. Mazungumzo ya saa nzima kwa kilobiti 24 kwa sekunde yanachukua megabaiti 11 hivi na yanasikika vizuri, huku sauti ghafi ukiiacha nyumbani kama ushahidi. Anayeijua tofauti hii hachomi bando bure.

Sasa tuje kwenye dirisha jeusi. Kwa nini nasisitiza amri, wakati kila kompyuta ina namna ya kubana kwa kubofya?

Sababu yangu kubwa ni hii: amri inaweza kusemwa. Inaweza kuandikwa ubaoni kwa chaki. Inaweza kunakiliwa kwenye daftari, ikatumwa kwa SMS moja, ikasomwa kwa simu kwa mtu aliye Nainokanoka huku wewe ukiwa Karatu mjini. Jaribu kumwelekeza mtu kubofya kwa simu. "Bofya kile kialama cha kulia juu." "Kipi?" "Kile kama gia." "Kwangu hakipo." Kompyuta yake ni ya toleo jingine, lugha nyingine, na salio linakata. Lakini ukimwambia andika tar, nafasi, kistari, c, z, f, nafasi, anaandika kilekile ulichoandika wewe na anapata kilekile ulichopata wewe. Shule yenye kompyuta tano na wanafunzi 50 haiwezi kumpa kila mtoto kipanya, lakini ubao inao, na madaftari wanayo.

Sababu ya pili: amri hizi hazina mwenyewe. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini yenye menyu za Kiswahili. Kazi ile naiheshimu hadi leo. Ila kwenye mstari wa amri tunakutana na jambo la kuchekesha: neno "tar" si la mama wa mtu yeyote. Mtoto wa London naye hana budi kufundishwa kwamba x maana yake ni kufungua. Sote tunaanzia sifuri. Mimi huwafundisha wenzangu hivi: c ni ya "changanya", yaani kusanya mafaili pamoja. z ni ya "zipu", fungia na kushindilia. f ni ya "faili", jina la kifurushi. t ni ya "tazama". Na x ni mkasi uliokunjuliwa, kata kamba utoe mzigo.

Basi amri zenyewe ni hizi. Una folda inaitwa mahojiano. Kuifunga na kuibana:

tar -czf mahojiano.tar.gz mahojiano/

Kutazama kilichomo bila kufungua:

tar -tf mahojiano.tar.gz

Kufungua:

tar -xf mahojiano.tar.gz

Hizo tatu zinafanya kazi kwenye Linux, kwenye kompyuta za Apple, na tangu mwaka 2018 kwenye Windows 10 na zilizofuata, bila kusakinisha kitu. Hata kwenye simu ya Android zinafanya kazi ukiweka programu ya Termux. Angalizo moja: jina la kifurushi linakuja mara tu baada ya f. Ukikosea ukaweka pale jina la barua yako, tar italiandika juu yake na barua imekwenda.

Kwa mtu anayetaka zip, kwenye Linux amri ni hizi:

zip -r mahojiano.zip mahojiano/
unzip -l mahojiano.zip
unzip mahojiano.zip -d mapya/

Ya kwanza inafunga, ya pili inatazama, ya tatu inafungua ndani ya folda mapya. Nashauri kila mtu ajizoeze kutazama kabla ya kufungua. Gunia lililotoka kwa mtu usiyemjua hulimwagi katikati ya sebule.

Watu huuliza, tar.gz au zip? Jibu langu ni la mchukuzi. Zip inafunga kila faili kwenye gunia lake, kisha inayapanga magunia yote kwenye lori. Tar inamwaga mzigo wote pamoja, halafu gzip inaushindilia kama kitu kimoja. Kwa mafaili madogo mengi yanayofanana, kama fomu 300 zilizojazwa, tar.gz huwa ndogo zaidi kwa sababu inaona marudio kati ya fomu na fomu. Lakini flashi ikiharibika kidogo, kwenye zip unaweza kupoteza gunia moja. Kwenye tar.gz, yote yaliyo baada ya jeraha yako hatarini. Kwa hiyo mzigo wa kupita kwenye mtandao mwembamba nafunga kwa tar.gz, na mzigo wa kukaa miaka kwenye flashi nafunga kwa zip, nakala mbili, sehemu mbili.

Kuna mbili za mwisho ambazo kwa maoni yangu ndizo dhahabu kwa watu wa huku, kwa wenye Linux au Termux. Mtandao unaokatika kila dakika tano haupitishi faili la megabaiti 200. Likatekate:

split -b 15M mahojiano.tar.gz kipande_

Unapata kipande_aa, kipande_ab na kuendelea. Unatuma kimoja kimoja. Kikikwama kimoja unarudia hicho tu. Anayepokea anaviunga:

cat kipande_* > mahojiano.tar.gz

Kisha nyote wawili mnaandika:

sha256sum mahojiano.tar.gz

Kila mmoja anapata mstari wa herufi na tarakimu 64. Ukilingana, faili limefika zima kama lilivyotoka. Ukipishana hata kwa herufi moja, kuna kitu kimebadilika njiani. (Mwenye Windows aandike certutil -hashfile mahojiano.tar.gz SHA256 apate jibu lilelile.) Herufi 64 zinaingia kwenye SMS moja na nafasi inabaki ya kusalimia. Mzigo unaweza kupita njia yoyote, hata ndani ya bahasha kwa kondakta wa basi la Arusha, na alama yake ikapita njia nyingine. Akiuchezea mtu katikati, utajua.

Amri zimeisha. Hamjafa.

Sasa turudi kwenye hoja. Karatu siyo mahali pa kuambiwa kwamba mambo haya ni ya wazungu au ya Dar. Shirika la Powering Potential lilianzia hapa baada ya Mmarekani Janice Lathen kutembelea Sekondari ya Banjika mwaka 2006. Lilianza kupeleka shuleni kompyuta zinazotumia umeme wa jua, na baadaye zikaja zile ndogo za Raspberry Pi, pamoja na maktaba ya RACHEL ambayo mwanafunzi anaisoma bila intaneti kabisa. Raspberry Pi mfumo wake ni wa Linux. Maana yake dirisha jeusi limo humo, bure, pamoja na tar na gzip na zip. Na maktaba za namna hiyo zinawezekana kwa sababu ya kubana. Ensaiklopidia nzima ya Wikipedia inaingia kwenye kidude cha ukubwa wa ukucha kwa sababu maandishi yake yameshindiliwa na yanafunguliwa kipande kwa kipande kadiri msomaji anavyohitaji. Watoto wa Karatu wamekuwa wakila matunda ya kubana bila kuonyeshwa mti.

Kuna mfano mwingine unaonigusa zaidi. Laetoli, karibu na Endulen, timu ya Mary Leakey ilifukua mwaka 1978 nyayo za viumbe waliotembea wima kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita. Nyayo zile ziko wapi leo? Ziko ardhini. Katikati ya miaka ya 1990 wataalamu wa Mambo ya Kale na wa taasisi ya Getty ya Marekani walizifukia tena kwa ustadi, ili mizizi, mvua na miguu isiziharibu. Mwaka 2016 Profesa Fidelis Masao na wenzake wakatangaza nyayo nyingine mpya za hapohapo katika jarida la eLife, ambalo mtu yeyote anaruhusiwa kulisoma bure, na walizipima kwa picha nyingi zilizounganishwa kuwa umbo la pande tatu. Maumbo ya namna hiyo ni mafaili makubwa, na makubwa husafiri yakiwa yamefungwa. Kwa hiyo mwanafunzi wa Endulen anayeishi hatua chache kutoka kwenye nyayo zile, njia yake ya kuziona zikiwa kamili ni kufungua kifurushi. Mtafiti wa Ulaya anakifungua asubuhi akinywa kahawa. Je, kijana wa Endulen naye anaweza, au atasubiri mgeni amfungulie cha kwao?

Hapo ndipo ilipo hoja yangu yote. Asiyeweza kufunga na kufungua mzigo wake ni mtu wa kuombaomba. Anampelekea kijana wa steshenari flashi yenye maisha yake yote na kumwambia, "Mdogo wangu, nisaidie hiki kinakataa kufunguka." Na huyo kijana, hata akiwa mwema, ameshaona kila kitu.

Rafiki yangu mmoja wa Arusha mjini amenibishia sana. "Kaka, dunia ya leo nani anabana mafaili? Weka kwenye wingu, basi." Nikamjibu: wingu ni kompyuta ya mtu mwingine iliyo mbali, na njia ya kwenda huko inapita kwenye bando langu mara mbili, kupandisha na kushusha. Isitoshe, Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikakaa siku kadhaa. Wingu liliondoka na mvua yake. Kilichobaki mkononi mwa mtu ni kile kilichokuwa tayari ndani ya mashine yake na flashi yake. Tar haikuuliza kama kuna mtandao. Haiulizi hata leo. Na mwongozo wake umo humo humo ndani ya Linux, unaandika man tar unausoma mwanzo hadi mwisho bila senti ya bando.

Akaniuliza tena, "Sasa siri je?" Swali zuri, na waandishi wenzangu mnisikilize hapa. Kifurushi cha tar.gz hakina kufuli. Zip ina neno la siri, lakini lile la zamani linalowekwa na amri ya kawaida ya zip ni dhaifu, na zaidi ya hapo majina ya mafaili yanabaki wazi kwa yeyote. Ukiwa na faili lenye jina la mtoa habari wako, neno la siri halikumlinda. Jina lake linasomeka mlangoni. Tumia 7z, ambayo inafunga kwa AES ya biti 256 na inaweza kuficha hata majina:

7z a -p -mhe=on mzigo.7z mahojiano/

Neno la siri mwambie mwenzako kwa mdomo, usiliandike kwenye ujumbe uleule unaobeba kifurushi. Na mafaili yako yape majina ya namba, siyo majina ya watu. Chanzo chako huko kijijini alikuamini wewe, hakuiamini programu.

Lakini elimu hii isiwe mzigo wa raia peke yake. Ofisi moja, sitaitaja, ilinipa hati ya kurasa 40 iliyoskaniwa kwa rangi zote na kwa ubora wa kuchapia mabango. Karatasi nyeusi na nyeupe! Hebu tupige hesabu. Ukurasa mmoja wa A4 kwa nukta 600 kwa inchi na rangi kamili una takriban megabaiti 104 kabla ya kubanwa. Ukurasa huohuo kwa nukta 200 na rangi ya kijivu hauzidi megabaiti 4. Ni zaidi ya mara 25, na maneno yanasomeka vilevile. Hata baada ya kubanwa, tofauti hiyo inamfuata mwananchi hadi kwenye simu yake. Hati ya umma isiyoshushika kwa bando la kawaida imewekwa wazi kwa jina tu. Ni sawa na kubandika tangazo juu ya mnara na kusema kila mtu ana ruhusa ya kulisoma.

Kwa hiyo ninachodai ni vitu vitatu. Walimu wa kompyuta wa Karatu na Ngorongoro, chukueni vipindi viwili tu, andikeni amri hizi ubaoni, na mtihani wake uwe wa vitendo: mwanafunzi afunge folda, aikate vipande, ampe jirani yake aiunge na kuikagua. Wahariri wa Arusha na Dar, mkubaliane na waandishi wenu wa wilayani namna moja ya kufunga kazi na kuikagua, muache kuwalaumu kwa picha zilizofika zikiwa na ukungu. Na ofisi za umma, kila hati iwe na nakala ya maandishi ya kawaida, ndogo, inayobebeka, na ile alama ya herufi 64 iandikwe pembeni ili asitokee mtu kutuletea nakala ya kughushi.

Watasema haya ni mambo madogo wakati watu wana njaa ya barabara na maji. Nakubali maji ni kwanza. Lakini kwa watu ambao ardhi yao, vijiji vyao na historia yao inajadiliwa kwa karatasi, karatasi siyo kitu kidogo. Hifadhi ya Ngorongoro ilianzishwa kwa sheria mwaka 1959, na tangu hapo hadi leo mazungumzo yote kati ya wenyeji na wakubwa yameacha nyaraka: ramani, mihutasari, barua, hukumu. Nyingi ziko kwenye makabati ya watu wengine. Chache zilizo mikononi mwa wazee ziko chini ya magodoro na ndani ya mifuko ya rambo, na mchwa hawasubiri kikao.

Kijana uliyesoma, una simu yenye kamera nzuri. Likizo hii ukirudi nyumbani, muombe mzee ruhusa kwa heshima, "Shikamoo babu, naomba nikutunzie hizi." Zipige picha, ziskani kwa kijivu, zichape zile zinazochapika. Zifunge nakala mbili, moja ibaki kwake na moja ukae nayo. Andika ile alama ya herufi 64 kwenye daftari lake, kwa kalamu, na umweleze ni ya nini. Ataelewa. Wazee wetu waliweka alama kwenye masikio ya ng'ombe kabla ya kompyuta kuzaliwa.

Na ukikwama kwenye amri yoyote, nipigie. Hii ndiyo raha ya jambo lenyewe: nitakusomea kwa simu, herufi kwa herufi, na vocha haitaisha.

Tafakari njema.